Lafudhi ya Mwalimu Redio

Karatasi ya kwanza ilitoka kwenye sanduku la maoni Jumatatu asubuhi, na Redio alipoisikia ikisomwa alicheka kuliko wote.

"Lafudhi ya mwalimu wa darasa la pili haieleweki," Mkuu wa chuo alisoma, karatasi kaishika mbali na uso kwa kuwa miwani alikuwa ameisahau nyumbani. "Tunaomba mwalimu mwenye Kiingereza halisi."

Walimu wenzake wanne wakamgeukia, maana darasa la pili lilikuwa lake. Redio akasema pengine siku hiyo alikuwa na mafua. Wakacheka, kikao kikahamia kwenye habari ya choo kilichoziba.

Jina la Redio alipewa na watoto wa mtaani kwao akiwa na miaka saba. Baba yake alikuwa mkalimani wa mahakama, mtu aliyelishwa na ulimi wake, na hakuvumilia herufi imezwe mbele yake. Mtoto akitamka neno la Kiingereza ovyo wakati wa kula, mzee aligonga meza kwa kijiko mara moja, na mtoto akarudia. Redio alirudia mpaka kijiko kikanyamaza. Baadaye akawa anamsomea baba gazeti kwa sauti kibarazani, na wapita njia wakadhani nyumba ile wamenunua redio mpya. Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, kumi na minne kati ya hiyo kaitumia katika chuo hiki cha lugha, akifundisha manesi, makarani na wapokea wageni wa hoteli, watu wazima wenye hamu ya kazi nje au cheo ndani. Alikwisha kulalamikiwa kwa mengi: ukali, kazi nyingi za nyumbani, kutopenda mzaha asubuhi. Lafudhi? Hata siku moja.

Karatasi ya pili ikaja Jumatatu iliyofuata. Ya tatu haikungoja kikao. Mkuu alimvuta pembeni koridoni.

"Mwalimu, si kwamba mimi nasema. Wao ndio wanasema."

"Wao nani?"

"Sanduku halina majina, unajua."

"Wanasema neno gani hawalielewi? Wanitajie moja tu."

"Neno hawakutaja." Akamshika bega kama mtu anayempa pole mfiwa, kisha akaenda zake.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Na shaka ni kama mchwa: huwasikii wakila, unaona tu unga sakafuni.

Alianza kwa kujishuku mwenyewe. Miezi miwili nyuma alikuwa amevunjika jino la mbele, la juu, akawekewa la bandia. Nani ajuaye? Huenda upepo ulikuwa ukipita pale anapotamka, na yeye mwenyewe hasikii. Akarudi kwa daktari wa meno, akaketi kwenye kile kiti cha kulala, akaeleza kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya tatu. Daktari alimkagua kwa kioo chake kidogo, akagongagonga, akavua glavu.

"Mama, jino limekaa sawasawa. Umenihutubia dakika tano nzima na nimekuelewa kila neno, hata yale ya kunisema mimi."

Haikumtosha. Akapitia dukani kwa dada yake mkubwa, fundi wa cherehani, ambako mashine tatu hazinyamazi kuanzia asubuhi. Akamwomba azizime zote.

"Geukia ukutani, dada. Usinitazame. Nisikilize tu."

Dada mtu akageuka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Redio akasoma ukurasa mzima wa gazeti la Kiingereza, habari ya bei ya saruji, kwa sauti anayoitumia darasani.

"Haya, sema kweli. Nimebadilika?"

"Umebadilika, ndiyo. Zamani ukinisomea nilikuwa nasinzia. Sasa unasoma kama unatafuta mwizi."

"Nakuuliza lafudhi."

"Lafudhi ni ile ile ya marehemu baba." Dada akageuka, akamwangalia kwa makini. "Mdogo wangu, kama jino ni zima na ulimi ni mzima, acha kujipekua. Wapekue wenzio. Kuna nini kipya pale chuoni?"

Kipya kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na urefu wa karibu mita mbili.

Alikuwa Mzungu mwenye masharubu yanayoanza kupauka na vidole vyenye weusi wa grisi usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Huko kwao alikuwa fundi wa lifti, na kwa sababu hiyo walimu walimwita Lifti, jina alilolipokea kwa furaha. Kwao ni nchi ambayo Kiingereza husomwa shuleni kama hesabu na kusahauliwa kama hesabu. Alikuja akimfuata mkewe, daktari mwenye mkataba katika hospitali kubwa ya mji. Muhula ulipoanza, Mkuu alimkabidhi darasa la tatu, mlango ukitazamana na wa Redio, na haikupita mwezi viti vikaanza kutolewa stoo kupelekwa kwa Lifti. Kwa Redio vikaanza kubaki vitupu, kimoja huku, kimoja kule, kama kinywa cha mzee.

Redio akajifanya anasahihisha madaftari koridoni. Akasimama nje ya mlango wa darasa la tatu, akatega sikio. Alichokisikia kilimfanya aegemee ukuta. Lifti alikuwa anafundisha habari ya safari, na kila meli aliyoitaja, ship, ilitoka kinywani mwake ikiwa sheep, kondoo. Kondoo mkubwa ameondoka bandarini. Kondoo amebeba abiria mia mbili. Na watu wazima thelathini na kitu, wenye akili zao timamu, waliitikia kwa pamoja, wakimpakia kondoo yule mizigo na kumsukuma baharini.

Wakati wa mapumziko mpokea wageni mmoja wa hoteli alipita mbele ya Redio akimwambia mwenzake, "Hiki ndicho Kiingereza chenyewe sasa. Unasikia kinavyotiririka?"

Basi Redio akawa amemjua adui yake. Mtu asiyejua kazi, alijiambia, hulinda kiti chake kwa kumchimba anayeijua. Akaanza kumchunga. Akagundua kwamba Lifti hupita karibu na sanduku la maoni mara tano au sita kwa siku. Kweli sanduku lilikuwa jirani na bomba la maji ya kunywa, lakini mtu gani ana kiu kiasi hicho? Akagundua pia kuwa akishakunywa hakurudi darasani kwake moja kwa moja. Alitua nje ya darasa la pili. Siku moja, katikati ya somo, Redio alinyamaza ghafla, akatembea kwa ncha za vidole, akafungua mlango. Lifti alikuwa amesimama pale pale, daftari mkononi, anaandika. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akaomba radhi, akakimbia akijikwaa.

"Nimemkamata," Redio alimpigia dada yake simu.

"Umemkamata anaandika nini?"

"Makosa yangu."

"Uliyaona?"

"Sihitaji kuyaona."

"Haya bwana," dada alisema, na mashine zikasikika zikianza tena.

Ila Redio hakuwa mtu wa kusema bila ushahidi. Hilo nalo alilirithi mahakamani. Alimwendea karani wa ofisi, mama mmoja anayehifadhi kila kitu hata bahasha tupu, akamwomba zile karatasi tatu. Karani akatazama mlango, akafungua faili. "Hujazipata kwangu," alisema.

Mwandiko ulikuwa mmoja zote tatu, wa duara, safi, na Kiswahili chake hakikuwa na doa. Lifti hangeweza kuandika hivyo. Kiswahili chake kiliishia kwenye asante na bei gani. Kwa hiyo kamtuma mtu, Redio aliwaza. Kisha akaona jambo jingine. Kwenye pembe ya kila karatasi palikuwa na tarehe na saa, kwa tarakimu, na mstari mfupi chini yake. Nani anayelalamika huku akiandika saa? Akachukua madaftari ya darasa lake, akayafungua moja baada ya jingine juu ya meza ya walimu. La kumi na nane lilimsimamisha. Tarehe, saa, mstari mfupi. Ndivyo manesi wanavyojaza chati ya mgonjwa.

Lilikuwa daftari la Nesi, msichana wa kiti cha mbele, ambaye kila Alhamisi Redio alibaki naye nusu saa zaidi kwa hiari yake kwa sababu alikuwa na bidii kuliko wote. Redio aliufunga ule ukurasa taratibu, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinavyouma ikiwa nguo yenyewe ni ile uipendayo.

Siku mbili hakumwambia mtu. Darasani alimwona Nesi akimtazama midomo, akiandika, akiitikia kwa kichwa, na kila kuitikia kule sasa aliona ni kuzuga. Na nyuma ya Nesi, alikuwa na hakika, alisimama Lifti.

Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, walimu wote wametoka, Lifti aliingia chumba cha walimu akafunga mlango nyuma yake. Redio akainuka. Ndiyo haya sasa, alijisemea. Lifti akaweka daftari lake mezani, akalifungua, akalisukuma kwake.

Ndani hamkuwa na makosa ya mtu. Mlikuwa na sentensi za Redio mwenyewe, kurasa kwa kurasa, na juu ya kila sentensi mishale ikipanda na kushuka, na nukta pale anapovuta pumzi. Ilikuwa kama ramani ya lifti katika jengo la ghorofa nyingi.

"Nisaidie," Lifti alisema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Mimi si mwalimu. Nilikuja hapa kujiandikisha. Kusoma."

"Kusoma nini?"

"Hiki. Kiingereza."

Akaeleza, akitafuta kila neno kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Alikuwa amesimama mapokezi, fomu mkononi, Mkuu akapita. Mkuu alimwuliza anatoka ng'ambo ipi, naye akajibu. "Nikamwambia, Kiingereza changu kibaya. Akasema, unyenyekevu mzuri. Nikamwambia tena, kibaya sana. Akasema, Jumatatu saa mbili."

"Na wewe ukakubali?"

"Miezi sita niko nyumbani bila kazi. Mke anaenda hospitali, mimi nabaki. Nilianza kuzungumza na friji." Akainamisha kichwa. "Wanafunzi wananiuliza, mimi sijui. Nakuja mlangoni kwako, naandika, narudi, nawaambia ulichosema wewe. Lakini mdomo wangu unaharibu."

Redio alimsikiliza mpaka mwisho na hakumwamini hata nusu. Maneno matamu hayajengi ushahidi. Akamwacha pale, akaenda tena kwa karani, akaomba kitabu cha kuandikisha wanafunzi. Namba arobaini na moja: jina la Lifti, kazi yake, na kiwango alichojichagulia mwenyewe, darasa la kwanza, la wanaoanza. Mstari mmoja wa rula ulikuwa umepita juu ya yote.

"Mkuu ndiye aliyelifuta jina," karani alisema, akakifunga kitabu. "Nilidhani unajua."

Aliporudi, Lifti alikuwa bado amekaa, magoti yamegusa meza kwa urefu. "Na zile karatasi?" Redio alimwuliza.

"Karatasi gani?"

Na macho yake hayakuficha kitu.

Alhamisi ikafika. Wenzake walipotoka, Nesi alibaki kama kawaida, akavuta kiti karibu. Redio akaziweka karatasi tatu mbele yake, moja moja. Nesi alizitazama. Hakukana.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia usoni?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni mkubwa wangu." Akazipanga karatasi upya mezani. "Nina usaili na hospitali ya nje, miezi miwili ijayo. Nikikosa huo sipati mwingine. Nataka niongee kama yule mama wa kwenye rekodi."

"Mama yupi?"

Nesi akatoa simu, akafungua masomo ya kusikiliza ya chuo, yale ambayo kila mwanafunzi hupewa akijiandikisha. Kwenye jalada mwanamke wa Kizungu alikuwa anatabasamu, vipokea sauti masikioni.

"Huyu. Kila neno lake nalishika. Kila asubuhi kabla ya zamu narudia naye. Lakini nikija hapa..." Akasita. "Unisamehe, Mwalimu. Sauti yako ina uzito. Ina ule u-kwetu. Ndiyo maana nikaomba tupewe yule mwalimu mwingine."

Mawazo ya Redio yalikuwa mahali pengine. Alikuwa stoo ya chuo, miaka minane nyuma, kuta zimezungushiwa magodoro ili sauti isirudi, feni imezimwa isingurume, taulo shingoni mwake limelowa jasho, na Mkuu akimgeuzia kurasa. Masomo ishirini walirekodi kwa siku sita. Jalada lilipotoka aliuliza, huyu nani? Mkuu akasema, picha tu hiyo, ya kununua. Naye akacheka. Zaidi ya kucheka, siku ile aliona kama amesifiwa. Hilo ndilo lililomchoma sasa kuliko karatasi zote.

Akaichukua simu, akailaza kifudifudi. Akaanza kusema somo la sita, mazungumzo ya mgonjwa na mpokea wageni, kwa Kiingereza, bila kitabu. Katikati akabonyeza, na sauti ya kwenye simu ikaingia pamoja na yake, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, mpaka zikawa sauti moja ndani ya chumba. Nesi alitazama mdomo, akatazama simu, akatazama mdomo.

Somo likaisha.

"Jamani, Mwalimu," Nesi alisema kwa heshima kabisa. "Umemwiga vizuri."

Redio alihisi kama kapigwa kofi na mtoto mchanga. Linauma, na huwezi kulirudisha. Akavuta pumzi. "Weka somo la kumi na moja. Mwisho kabisa, baada ya kengele. Ongeza sauti."

Nesi akaweka. Kengele ikalia. Kisha, mbali, kama mtu aliyegeuza shingo, sauti ile ile ikasema kwa Kiswahili: "Nipe maji, nakufa na joto."

"Hapo mimi nilikuwa nadhani yule mama amejifunza Kiswahili," Nesi alisema polepole, na kabla hajamaliza sentensi mkono ulikuwa umekwenda kinywani. Macho yakamjaa. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Sasa mbona darasani nasikia tofauti? Mwalimu, nakuapia, sikusema uongo. Nasikia tofauti kweli."

"Najua husemi uongo. Hilo ndilo linalonitisha." Redio akazikusanya karatasi. "Nenda nyumbani. Nitakujibu nikishapoa."

Hakungoja apoe ndipo aende kwa Mkuu. Alimkuta anafuta miwani kwa ncha ya tai. Akaweka simu mezani, jalada juu.

"Sauti hii ni ya nani?"

"Ah, Mwalimu. Si yako?"

"Na ulipokuwa ukisoma karatasi mbele ya wenzangu kwamba sieleweki, ulikuwa unajua kwamba ni mimi wanayenisikiliza asubuhi?"

Mkuu aliivaa miwani, akaivua. "Nilijua. Nifanyeje? Mimi sina chuki na mtu. Mimi mwenyewe mweusi, unaniona. Lakini watu husikia kwa macho, Mwalimu. Sikuwafundisha mimi."

"Hukuwafundisha. Umewauzia."

"Nikiondoa picha hii niweke yako, tutafunga ndani ya mwaka. Sikiliza, nimekuwa nikifikiri." Akainama mbele, na uso wake ukawa mpole, na Redio akajua hili ndilo alilokuwa anamwandalia tangu karatasi ya kwanza. "Acha darasa. Nitakupa chumba chako, cha kurekodi tu, na kiyoyozi safari hii. Wewe na maikrofoni. Hakuna atakayekulalamikia tena."

Alisema kwa wema, na wema ule ndio uliomtisha Redio.

"Yaani nieleweke mradi nisionekane."

"Usiliweke hivyo."

"Wewe ndiye umeliweka hivyo." Akasimama. "Picha hiyo itoke. Na jina langu lisomwe mwanzo wa kila somo. La sivyo nitapita madarasa yote nikisema somo la sita kwa mdomo wangu, tuone watakuuliza nini."

Mkuu aliomba wiki moja ya kufikiri. Redio akampa, ila hakumwamini, na wiki ile nzima alitembea akihesabu milango: nani ameingia kwa Mkuu, ametoka na uso gani, karani kaandika barua ipi.

Jumatatu asubuhi, kabla hajaandika tarehe ubaoni, mlango ulifunguliwa kwa mgongo. Lifti aliingia amebeba kiti kichwani, akakiweka safu ya nyuma, akaketi, akafungua daftari. Ijumaa alikuwa amempelekea Mkuu barua ya kuacha kazi, kaiandika mwenyewe kwa Kiingereza, makosa kumi na moja, na Redio alipojitolea kuisahihisha alikataa. "Ikiwa safi," alisema, "hataamini."

Darasa likaingia wasiwasi. Redio aliona vichwa vikikutana.

"Ni mkaguzi."

"Katumwa ampime Mwalimu."

"Maskini, leo ndiyo mwisho wake."

Mpokea wageni mmoja, aliyekuwa amerudi siku hiyo na wenzake kwa kuwa darasa la tatu lilikosa mwalimu, akajipa moyo, akageuka akamwuliza Lifti kwa Kiingereza kama amekuja kutoa alama. Lifti akajibu kwa uwazi wote kwamba yeye ni mwanafunzi tu kama wao, na kwamba wamvumilie, kwa maana yeye huzama polepole. Alitaka kusema anafikiri, think, ikamtoka sink. Watu wakatazamana.

"Simama," Redio alimwambia, kama ambavyo angemwambia mtu yeyote. "Ulimi kati ya meno. Puliza. Using'ate."

Lifti akasimama, kichwa karibu na feni, akatoa ulimi mbele ya watu ishirini. Akazama mara ya kwanza. Akazama ya pili na ya tatu. Mara ya nne akalipata neno, likatoka safi, akashangaa mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanafanya hesabu ndani ya vichwa, wakirudi nyuma wiki kwa wiki, wakikagua kila neno walilolichukua darasa la tatu. Mpokea wageni alifungua daftari lake la zamani akaanza kuligeuza kurasa kwa uso wa mtu aliyegundua nyumba aliyopanga haina paa.

Wiki ilipokwisha, Mkuu alifanya kama wafanyavyo watu wa aina yake: alikata katikati. Mwanamke wa Kizungu aliondolewa kwenye jalada, ikawekwa picha ya maikrofoni. Jina la Redio liliandikwa chini, herufi ndogo. Kulisoma mwanzo wa somo, alisema, mitambo haikuruhusu. Redio alipima, akaona kupigania herufi kubwa kungemla mwaka mzima, akaendelea na darasa.

Redio alimsamehe Nesi, lakini si kwa siku moja, na hakumwambia kwamba amemsamehe; alirudisha tu ile nusu saa ya Alhamisi. Usaili wa kwanza, wa simu bila picha, Nesi alipita kwa sifa. Wa pili, wa kuonana kwenye skrini, walimwandikia kwamba aurudie, kwa kuwa mtandao ulisumbua hawakumsikia vizuri. Nesi alidai mtandao ulikuwa safi kama maji ya bomba, aliwaona mpaka vishikizo vya mashati. Redio aliketi naye siku nne mfululizo, wakafanya mazoezi, na alijua kuwa si ulimi wa Nesi wanaoufanyia mazoezi, ila hakuwa na dawa nyingine. Mara ya pili wakamchukua. Hakuna aliyejua kilichobadilika, na Nesi alivyoleta habari alikuwa anacheka na kukunja uso kwa wakati mmoja.

Darasa la pili likajaa. Viti vikatolewa stoo. Hapo ndipo wengine wangesema mambo yameisha salama, na dada yake alisema hivyo hivyo, sindano midomoni. Lakini Redio alikuwa amewasikia bombani wakiambiana, "Kule kwa Redio kuzuri, hata Mzungu anasoma kwake," na tangu hapo kila kiti kipya kilimpa furaha na mashaka kwa pamoja. Alikuwa akisoma sentensi, watu wakiitikia, naye akijiuliza ni nani hasa wanayemsikia.

Mwisho wa mwezi yule mpokea wageni alibaki nyuma, akakunja mwavuli wake, akamwambia kwa moyo mweupe, "Mwalimu, lazima nikupongeze. Siku hizi unaeleweka sana. Umefanya mazoezi, eti?"

Redio alimtazama usoni, akitafuta mzaha, hakuuona. Hakujua amshukuru au amfukuze. Akamwambia ukurasa wa kesho ni wa ishirini na tatu, na asikilize somo lake kwenye simu nyumbani, macho kayafumba.